Maji ya Mla Mmoja

1

Mashine ya kuosha vyombo siiamini mpaka niipe sufuria yenye ukoko. Watengenezaji watakuonyesha picha za bilauri zinazong'aa na mama anayecheka peke yake jikoni, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupika wali wa nazi akasahau moto. Ukoko wa wali wa nazi uliolala kutwa nzima katika joto la Tanga, ukashika chini ya sufuria kama ruba, huo ndio mtihani wangu. Kwa mtihani huo nimezivunja kiburi mashine nyingi zenye bei ya kiwanja.

Kazi yangu ni hiyo. Pwani nzima husikiliza kipindi chetu cha Kabla Hujanunua, na wakisikia Salha Mbarouk kasema kitu fulani ni kibovu, kitu hicho hukaa dukani mpaka kiote kutu. Sina upendeleo wala sina adabu. Hivyo ndivyo asemavyo dada yangu Mwatumu, ambaye tunakaa pamoja barabara ya kumi na mbili tangu mumewe afariki, na yeye ananijua.

Safari hii mashine zilikuwa mbili, ghali kuliko zote zilizowahi kuingia nchini. Moja ikiitwa Nuru Tisa, ya pili Zamaradi. Kombo Sudi, fundi wa kipindi, mtu mzima asiye na maneno mengi, alizifunga jikoni kwangu ubavu kwa ubavu, akapima maji ya bomba letu na kutikisa kichwa.

"Maji yenu yana chokaa ya kupakia nyumba, dada Salha. Zote mbili zitakula chumvi ya kulainishia maji mpaka ukome."

"Na zile tu, mradi zifanye kazi," nikamwambia.

Nikazigawia kazi. Miezi miwili ya kwanza vikombe na bilauri vyote vingekwenda Nuru, na masinia, mabakuli na vijiko vingekwenda Zamaradi, halafu tungebadilisha. Ila sufuria ya ukoko kila mashine ingepata ya kwake, kwa haki.

Nuru ilikuwa na kifua. Pampu yake ilirusha maji kutoka pande nne, mvuke ulipanda mpaka pembe za mwisho, na ikimaliza ilifungua mlango yenyewe kidogo ili vyombo vikauke kwa upepo. Kelele haina. Dada Mwatumu alipoiwasha mara ya kwanza aliipiga kofi akidhani imegoma, kumbe ilikuwa katikati ya kazi. Lakini sufuria ya ukoko ilitoka na duara la kahawia chini, jembamba, linaloonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Nikaandika alama nikafurahi. Napenda kitu cha ghali kinaposhindwa na wali.

Zamaradi haikushindwa. Kabla ya kuosha, Zamaradi huonja. Hunyunyiza maji kidogo, kama nusu kikombe, yakapita juu ya vyombo vyote, yakashuka kwenye kibati kidogo chini ya kichujio ambacho mafundi hukiita ulimi. Ulimi huo hutambua kama ni samli au yai, wanga au dagaa, na kila chombo kimeguswa na nani, ndipo mashine inaamua joto na sabuni. Sufuria yangu ikatoka safi kana kwamba imenunuliwa jana. Nilikasirika siku nzima.

Tena ilikuwa na mdomo. Sauti ya kike, ya upole, yenye lafudhi ya watu waliosoma. "Vyombo tayari," ilisema. "Leo palikuwa na walaji wawili. Mla wa kwanza anakula vizuri. Anakula chakula cha watu wawili."

"Huyo ni wewe, dada," nikasema.

"Huyo ni wewe na tumbo lako," akajibu Mwatumu, na tukacheka.

Kilichowafanya watu waililie Zamaradi hata hivyo si ukoko, ni maji. Tangu maji ya mji yaanze kugawiwa kwa maombi, kila nyumba lazima iombe yake miezi mitatu kabla, wala si zaidi. Ukiomba mengi unatozwa faini, ukiomba machache bomba linakauka uko katikati ya kufua. Zamaradi hukuombea. Huangalia nani anakula, kiasi gani, nani anasafiri na nani anarudi, ikapiga hesabu yake, na haikosei. Watengenezaji walijivunia hilo kuliko yote, na mimi nilipanga kuwaumbua.

Chakula cha majaribio kilikuwa chetu na cha jirani. Ukuta wetu wa uani tunashirikiana na Bi Nusura, mjane mwenye binti mmoja, mpishi hodari, na kati ya nyumba zetu bakuli la bati halijawahi kupumzika. Leo linakuja na kisamvu, kesho linarudi na mkate wa kumimina, keshokutwa linakuja na mchuzi wa kunde. Bakuli la jirani halirudi tupu, hilo halihitaji kufundishwa. Bi Nusura alikuwa na tabia moja aliyoirithi kwa bibi yake: chakula hakitoki kwake hajakionja mbele ya anayekileta, na kijiko alichoonjea hukiacha humohumo ndani ya bakuli, uone mwenyewe kwamba kimepita kinywani mwake. Sisi tukila, bakuli na kijiko vinaingia Zamaradi pamoja na sinia letu.

2

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, hatujabadilisha vyombo bado, nilikuwa nachambua dagaa Zamaradi ikazungumza bila kuulizwa.

"Nimekamilisha ombi la maji. Mwezi wa saba, walaji wawili. Mwezi wa nane, walaji wawili. Kuanzia mwezi wa tisa nimeomba maji ya mla mmoja."

Nikacheka kwa raha. Hatimaye imekosea. Nikaenda kwenye skrini, nikarekebisha, nikaandika wawili.

"Nimebadilisha ombi kama ulivyotaka," ikasema. "Makadirio yangu hayajabadilika."

Nilipofungua mlango nitie vyombo vya asubuhi nikaona kichanja cha chini kimejipanga upya. Vichanja vya Zamaradi hujipanga vyenyewe. Meno yake husimama au hulala kutegemea vyombo inavyovitarajia. Safu moja ya meno, ile ya upande wa kushoto, ilikuwa imelala. Nikaiinua kwa mkono. Ikakaa kidogo, kisha ikaanza kujilaza tena, taratibu, jino moja baada ya jingine, mpaka yote yakalala.

Nikampigia Kombo simu. Akaja, akapiga magoti mbele ya mashine, akatazama meno, akatazama skrini. Hakuna alichogusa.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika."

"Basi?"

Akasimama akajifuta mikono, ingawa haikuwa na maji. "Kuna nyumba nyingine ya majaribio kule Chumbageni, ilianza kabla yenu. Mzee mmoja na mkewe na mjukuu. Zamaradi yao iliomba maji ya watu wawili kuanzia mwezi wa nne. Yule mzee akaona ni upuuzi, akabadilisha kama ulivyobadilisha wewe. Mwezi wa nne tukaenda kumzika."

"Mzee alikuwa mgonjwa, Kombo."

"Alikuwa anaendesha baiskeli, dada Salha. Anakwenda nayo sokoni na kurudi."

Nikamwuliza mashine ya kuosha vyombo inajuaje kifo cha mtu. Kombo alinieleza huku anaangalia mlangoni, asije dada akasikia. Ule ulimi umeonja mamilioni ya meza duniani, miaka na miaka. Haujui ugonjwa wala jina la ugonjwa, na sheria haiuruhusu kuujua. Unajua tu kwamba midomo yenye ladha fulani, baada ya muda fulani, huacha kuleta vyombo. Basi unapunguza maji.

"Watengenezaji wanajua?"

"Wanajua. Wao wanaita usahihi."

Nje, uani, dada Mwatumu alikuwa anaanika nguo na kuimba. Ana sukari tangu ujanani, na miguu inamvimba akisimama sana. Nilimsikiliza mpaka nguo ya mwisho ikaanikwa.

3

Sikumwambia. Siku zile nilikuwa mtu mwema mpaka nikajichukia. Nilipika vyote anavyopenda. Tulipokaa kwenye sinia, kama tulivyokaa tangu watoto, nikawa naisukuma minofu upande wake na kujibakizia mifupa. Akisema jambo la kipumbavu nilinyamaza. Usiku nikiswali nilimwomba Mungu anichukue mimi, kisha naogopa asije akanisikia, kisha naona haya kwa kuogopa.

Siku moja dada aliweka tonge chini.

"Salha, una nini wewe? Tangu utotoni unaninyang'anya minofu, leo unanisukumia. Kuna mtu kaja kuniposa, unataka ninenepe?"

"Kula tu, dada."

"Na juzi nimevunja bilauri yako ya majaribio hukusema kitu. Hukusema kitu! Nimekosa usingizi."

Nikamdanganya kwamba kipindi kinataka wote waliomo katika nyumba za majaribio wakapimwe afya. Tukaenda hospitali tukapimwa damu, moyo, figo, kila kinachopimika. Daktari akasoma majibu na kusema sukari yake imetulia, miguu ni uzito, apunguze kukaanga. Mimi akanikuta mzima vilevile. Nilimkumbatia dada yangu pale pale mbele ya wagonjwa, nikalia, akanipiga begani kwa mkoba.

"Kumbe ndiyo hiyo! Ulidhani nakufa! Na minofu yote ile ilikuwa ya kuniaga!"

Tulirudi nyumbani tunacheka kama vichaa. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, sijavua hata viatu, nikasimama mbele ya Zamaradi na kuinyooshea kidole.

"Umekosea. Walaji wote wawili wazima. Nakupa sifuri."

"Mla wa kwanza bado yumo hesabuni," ikajibu kwa upole wake.

Dada alikuwa nyuma yangu. Kicheko chake kikakatika.

"Na wa pili?" nikauliza.

"Sina ruhusa ya kueleza habari za afya ya mla. Naweza kueleza habari za vyombo vyake."

"Haya, eleza vyombo."

"Mla wa kwanza hula kwa mkono, kwenye sinia. Mla wa pili hutumia kijiko."

Tukatazamana. Humu ndani hakuna anayekula kwa kijiko. Hata uji tunakunywa kwa vikombe, na vikombe vyote vilikuwa vinaoshwa na Nuru, kwa mpango wangu mwenyewe. Zamaradi haikuwahi kuonja mdomo wangu hata mara moja, wala wa dada yangu. Iliyokuwa ikiona kila siku ni sinia moja lenye alama za mikono ya watoto wa tumbo moja. Na waliouunda ule ulimi wanatoka katika nchi ambazo kila mtu ana sahani yake. Hawakuwaza kwamba watu wanaweza kukaa wawili kwenye chombo kimoja maisha yao yote. Sisi wawili tulikuwa mla wa kwanza, mmoja, mwenye hamu ya chakula.

Dada Mwatumu ndiye aliyegeukia meza. Bakuli la bati lilikuwa pale, limefunikwa kisahani, limekuja tulipokuwa hospitali. Akafunua. Kisamvu cha nazi bado kina moshi, na kijiko kimelala pembeni.

"Nusura," akasema, akakaa chini.

4

Nitasema wazi kilichonitafuna. Bi Nusura hakununua mashine yoyote. Hakukubali masharti ya mtu, hakuulizwa, hakujua kwamba kuna kitu cha namna hiyo upande wa pili wa ukuta wake. Alitupa kisamvu, na sisi tukamwonja yeye. Hilo si kosa la mashine peke yake. Mkono uliokitia kijiko humo ni wangu.

Sasa nilikuwa na neno la mtu mkononi na sijui nilipeleke au nilizike. Kombo alikuja jioni tukakaa jikoni watu watatu, hakuna aliyegusa chai.

"Kisheria mashine haikusema kitu," alisema Kombo. "Imeomba maji tu. Ukienda kumwambia, ni maneno yako."

"Na ikiwa kweli?"

"Huenda ni kweli. Lakini ikiwa si kweli, umemuua kwa wasiwasi mtu mzima, na anaoza binti mwezi wa kumi."

Hilo lilikuwa jingine. Mwanahawa, binti pekee wa Bi Nusura, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Pangani, na harusi ilingoja likizo ya bwana harusi. Mtaa mzima tulikuwa tumeshashona sare. Mwezi wa kumi. Na Zamaradi ilisema mwezi wa tisa.

"Mtu aliyekuletea chakula humpelekei tanzia yake," alisema dada Mwatumu.

"Na kama kuna dawa, dada? Na kama akienda leo hospitali anapona?"

"Na kama hakuna?"

"Basi nitakuwa nimemharibia miezi mitatu. Lakini nikinyamaza na dawa ipo, nitamtazamaje Mwanahawa?"

Kila mmoja wetu alikuwa na haki, na haki zetu hazikunisaidia kitu. Lile bakuli nililiosha kwa mkono siku ile, na siku zilizofuata pia, nikisugua kijiko kwa mchanga kama walivyofanya mabibi zetu, nikidhani nikiunyima ulimi wa Zamaradi mambo yatasimama.

Siku ya nne nilikuwa nafuta meza Zamaradi ikauliza.

"Kijiko cha mla wa pili hakijaja. Nianze kumwondoa?"

Nikatupa kitambaa kwenye beseni.

"Naweza kusubiri," ikasema, kwa upole uleule. "Wengi hurudi mara moja au mbili kabla hawajaacha kabisa."

Niling'oa waya ukutani kwa nguvu hata plagi ikatoka na plasta. Upande wa pili wa ukuta nikamsikia Bi Nusura anakohoa, kikohozi kifupi cha mtu aliyepaliwa na moshi wa kuni. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo maisha yangu yote na leo ilinitisha. Nikajifunga kanga nikatoka.

5

Nilimkuta uani, ungo mapajani, anachambua mchele wa harusi. Magunia mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mwanahawa alikuwa pembeni yake na simu, mama yake akamtuma dukani akanunue karafuu, ingawa karafuu niliiona pale pale kwenye kopo. Alikuwa ameshaona uso wangu.

"Karibu, Salha. Kaa. Chukua ungo."

"Bi Nusura, nina neno zito."

"Zito litue. Sema."

Nikamweleza yote, tangu ulimi mpaka kijiko. Sikumficha kwamba mashine ilituhesabu vibaya, wala kwamba nilidhani ni dada, wala kwamba ni mimi niliyekitia kijiko chake humo kila siku bila kumwomba ruhusa. Nilitaja mzee wa Chumbageni. Muda wote huo vidole vyake havikusimama, vinaokota chenga na mawe na kuyatupa kwa kuku.

"Kumbe kile kijiko," alisema mwishowe, akatabasamu kidogo. "Bibi alinifundisha nikiache ili mtu ajue sikumtilia kitu. Sikujua kama kinaondoka na kitu changu."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulikuwa unaosha vyombo."

"Nakuomba twende hospitali. Kesho asubuhi, mimi na wewe, asijue mtu. Huenda ni jambo la dawa tu."

Akaweka ungo chini.

"Nimeshakwenda, Salha. Tangu kabla ya Ramadhani. Saratani ya kongosho. Wamepiga picha, wamenichoma sindano, wameniambia hakuna la kukata wala la kushona."

Siku zote zile nilikuwa nabeba mzigo wa kumwambia, kumbe alikuwa nao kabla yangu, anausonga pamoja na ugali na kutuletea kisamvu.

"Mwanahawa anajua?"

"Hajui mtu. Sasa unajua wewe, na Mwatumu, maana najua humfichi, na hiyo mashine yenu." Akavuta pumzi. "Nataka aolewe akiwa anacheka. Bibi harusi anayelia mama yake si bibi harusi. Nimewaambia madaktari nifikisheni mwezi wa kumi tu, sitawasumbua tena. Nikimwuliza daktari kama nitafika, anaitazama kalamu yake. Anasema ajuaye ni Mungu. Najua ajuaye ni Mungu, sikumwuliza hilo."

Kuku walikuwa wanagombea chenga miguuni petu. Bi Nusura alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu kwa vumbi la mchele.

"Umesema mashine yenu inaomba maji kwa miezi. Mimi imeniacha mwezi gani?"

Nimewaambia watu ukweli kuhusu pasi zinazounguza, majokofu yanayovuja, majiko yanayolipuka. Nimewaambia matajiri usoni kwamba vitu vyao ni takataka. Sikuwahi kuulizwa swali rahisi kama lile, na jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni.

"Mwezi wa kumi na mbili," nikasema.

Akanitazama.

"Wa kumi na mbili."

"Mwishoni," nikaongeza. "Mwishoni kabisa, karibu na mwaka mpya."

Akauachia mkono wangu, akauchukua tena ungo na kuupeta mara mbili. Maganda yakapeperuka.

"Ahsante, shoga," alisema. "Umenitua."

Tulichambua mchele pamoja mpaka Mwanahawa akarudi na karafuu. Tukazungumza habari za mpambaji anayetaka kuleta maua ya plastiki. Nilirudi nyumbani moyo mwepesi, namwambia dada kwamba nimesema uongo wa kwanza wenye maana katika maisha yangu, na dada akasema Mungu ataupokea.

6

Kombo alikuja kesho yake asubuhi kuichukua Zamaradi. Aliikuta imenyamaza, waya unaning'inia.

"Utaipa alama ngapi?" akauliza.

"Zote. Ukoko, maji, kelele, makadirio. Nitasema hewani kwamba sijaona mashine inayoosha kama hii. Halafu nitawaeleza inavyoonja, na kwamba inawaonja hata wageni. Nitawaambia wakanunue Nuru, na lile duara la kahawia walisugue wenyewe."

"Watengenezaji watatuacha, hawatatuletea mashine tena."

"Watuache."

Tulikuwa tunaisukuma mlangoni, Kombo mbele mimi nyuma, tulipokutana na mwalishi anaingia. Ni yule mama wa Chuda anayepita nyumba kwa nyumba kualika watu harusini, kavaa kanga mpya, mwavuli kwapani, na sauti ya kusikika barabara tatu. Nikamwambia amekosea, harusi ya Mwanahawa bado miezi.

"Mwezi wa kumi umekufa, mwanangu. Imeletwa mbele. Ni Ijumaa hii, inshallah. Jana magharibi Bi Nusura mwenyewe kampigia simu bwana harusi, kamwambia likizo au si likizo, aje. Watu wa Pangani wamechanganyikiwa, lakini wamekubali. Mchele tayari, eti angoje nini?"

Dada Mwatumu alikuwa ametoka jikoni na mikono ina unga. Akanitazama, nami nikatazama chini.

"Na wewe Salha una salamu zako peke yako," mwalishi aliendelea, akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni nadra. "Kaniambia nianze na nyumba hii kabla ya zote, na nikwambie hivi: uongo huujui, maji ya mji huombwa miezi mitatu tu mbele, usije ukajaribu kwa mtu mwingine. Lakini anashukuru kwa ile miezi mitatu. Sijui ni miezi gani, mimi sikuuliza. Haya, nawakaribisha nyote, mje mapema mkatie vitunguu."

Akaondoka na mwavuli wake kwenda nyumba ya pili, na nikasikia anaanza upya, kwa sauti kubwa.

Kombo alikuwa bado ameishika ile mashine, hajui aisukume au aiache. Dada alinawa mikono na kuja na kanga mbili, moja akanifunga yeye mwenyewe kiunoni kama mtoto. Tulitoka tukaenda kukatia vitunguu. Nililia barabarani bila kujificha, na tulipofika mlangoni kwa Bi Nusura nikafuta uso kwa pindo la kanga, maana ndani walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele.